Bakuli Halirudi Tupu

Soko la Thika lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 1956. Tausi, aliyekuwa akiuza mchele na pumba karibu na lango, alimwona kijana wa kaptura ya kaki iliyonyooshwa pasi akizinusa pumba zake kiganjani, taratibu, kama mtu anayechagua udi.

"Una kuku wangapi, kaka?"

"Sina kuku, dada. Nafuga ukungu."

Tausi alicheka hadi leso ikamtoka kichwani. Ukungu aliojua yeye ni ule unaotanda juu ya mto Chania alfajiri. Huo nao unafugwa?

Kijana alikuwa Hassan, mfanyakazi wa maabara ya wataalamu wa kahawa kule Ruiru, na akamweleza huku wateja wakisukumana. Miche ya kahawa ilikuwa ikioza shingoni na kuangukia kitaluni, ikiuawa na ukungu mbaya wa udongoni. Lakini udongo huohuo una ukungu mwingine, wa kijani, rafiki wa mkulima. Huo hutoa maji makali yanayoyeyusha ngozi ya adui, kama tumbo linavyosaga nyama. Wao waliukuza juu ya pumba, kisha wakauchanganya na udongo. Tausi hakuelewa yote, ila alipenda alivyolitamka neno "rafiki". Akamwongezea pumba bila kuombwa.

Mapenzi yakaota. Jumamosi ilikuwa ya pumba. Katikati ya wiki Hassan alipiga simu dukani kwa Mhindi jirani, na Tausi akaitwa mbio. Siku moja alimuuliza kama ukungu wake haujambo.

"Haujambo, kipenzi. Mchungaji wake ndiye ana njaa."

Basi Idi ilipofika, Tausi akampa pilau katika bakuli la bati lenye maua ya samawati, la marehemu mama yake.

Bakuli halikurudi. Kila akiulizwa, Hassan alijikuna kisogo na kusema kesho. Bi Fatu, shangazi aliyemlea Tausi, akaanza kuguna. Salehe mwuza nyama alikuwa ameleta posa, na bakuli alilopelekewa yeye lilirudi siku ya pili na maini ndani. Asiyejali bakuli hatamjali mpishi, alisema Bi Fatu, na akataka Salehe ajibiwe Ijumaa.

Alhamisi Tausi akavaa gauni lake la maua, akachukua kibali cha safari, akapanda treni hadi Ruiru. Mlango wa chumba cha Hassan ulikuwa wazi, na bakuli la mama lilikuwa dirishani, limefunikwa kitambaa. Alipokifunua alikuta kijani kitupu, laini, kimejaa hadi ukingoni. Hassan aliingia na ndoo ya maji, akasimama palepale.

"Pilau ya Idi, Hassan. Umeiacha ikaoza."

Hakungoja jibu. Alilia kutoka Ruiru hadi Thika, wala Hassan hakuweza kumfuata jioni ile, maana siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau, mtu hakujiendea tu bila kibali.

Ijumaa, baada ya sala, Hassan, kibali mfukoni, alibisha kwa Bi Fatu. Alivaa kanzu nyeupe, na mikononi alishika bakuli. Ndani mlikuwa na udongo mweusi na miche ya nyanya, shingo nene, imesimama wima. Alisema pilau ililiwa siku ileile, hata ukoko aliukwangua. Lakini aliona haya kurudisha bakuli tupu, naye kapera asiyejua kupika. Alipanda nyanya nyuma ya chumba chake zikaoza zote, ndipo akawa anaukuza ukungu wa kijani ndani ya bakuli lile, akiuchanganya na udongo wa kule nyuma, akapanda tena. Alikuwa akingoja miche isimame, na usiku wa jana ndipo alipoihamishia bakulini.

"Si ungesema," alisema Tausi.

"Ningesema nini? Chombo cha wakwe hakirudi kitupu."

Nyuma ya pazia Bi Fatu akakohoa.

"Kumbe tumeshakuwa wakwe," alisema, "na sisi hatuna habari."

Hassan alimnyooshea Tausi bakuli. Tausi alilipokea bakuli kwa mikono miwili, na furaha ikamjaa hata akashindwa kuificha. Alimwomba shangazi amjibu Salehe kwa upole, kwa kuwa maini yake yalikuwa matamu. Kisha akaipanda miche uani, akaliosha bakuli mara mbili kwa majivu, akainjika mchele.

Hassan alipoaga, bakuli lilikuwa mkononi mwake tena, linafuka mvuke. Bi Fatu alimsindikiza hadi mlangoni.

"Safari hii lisirudi na udongo, mwanangu," alimwambia. "Lirudi na wazee wako."