Unga Juu ya Sukari

Damaris alikunja shati moja mara tatu, kisha akalikunjua tena. Moyo wake haukutulia. Kesho mumewe, Levis, angepanda ndege na rafiki yake Mike kwenda nchi ya Georgia. Walitaka kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, kwenye milima isiyo na njia zilizowekwa alama.

"Baba Shiru, wewe umeijua theluji lini?"

"Si naiona kila siku!" Levis alicheka. Alifanya kazi katika ukumbi wa theluji, ndani ya jumba la maduka hapa Doha. Skii alijifunzia humo humo. "Miaka minne, haijawahi kuporomoka. Na Mike anasema huko imeanguka mpya, mob sana, tele kabisa. Itakuwa poa."

Ubishi wa wanaume! Damaris alitoka, akamwita Jerusha wa mlango wa pili. Jerusha alikuwa nesi. Kabla ya kuhamia mtaa huu wa Al Thumama, alifanya kazi miaka sita katika hospitali ndogo chini ya milima ya Austria. Aliwatibu watu waliofukuliwa kwenye theluji. Wengine waliletwa uhai umeshawatoka.

"Nipe sinia, unga na sukari," alisema.

Alitandika kitambaa kwenye sinia, akamwaga sukari, akaifunika kwa unga na kuushindilia kwa kiganja.

"Theluji yenu ni ya mashine, na mnaishindilia kila siku," alimwambia Levis. "Ya mlimani hulala tabaka juu ya tabaka. Ya chini inaweza kuwa legelege kama hii sukari."

Akainua sinia upande mmoja. Unga ulitulia. Akainua zaidi. Unga ukapasuka, ukaporomoka wote kwa pamoja hadi mezani. Levis akaacha kucheka.

"Sasa nifanye nini, Sista?"

"Kila asubuhi soma taarifa ya hatari ya maporomoko. Huanzia moja hadi tano. Hata tatu huua. Theluji mpya nyingi, upepo mkali, joto la ghafla, zote huongeza hatari. Miteremko mikali iogopeni, na msipite chini yake. Mkiona nyufa, au theluji ikiguna chini ya miguu, rudini."

"Na vifaa?"

"Kila mtu abebe kifaa cha kutoa ishara ya kumpata akifukiwa, fimbo ndefu ya kumtafutia chini ya theluji, na koleo la kufukulia. Jifunzeni kuvitumia. Na mwende na kiongozi anayeujua mlima. Lakini vifaa havizuii theluji kuporomoka."

Siku ya tatu ya safari, Damaris hakuweza kukaa. Alipika chai, akaisahau. Alipanga viatu, akavipangua. Saa saba mchana simu ikalia.

"Mama Shiru, hatukwenda." Alikuwa Levis. "Taarifa ilisema nne. Kiongozi akakataa. Mike akasema twende wenyewe, jua linawaka. Tulitembea kidogo tu mbele ya hoteli, theluji ikaguna, vuum! Nikamwambia mimi siendi. Akanitukana. Saa nne, mteremko ule tuliotaka kutelezea umeporomoka wote. Tumeuona dirishani."

"Na Mike?"

"Amekaa kitandani na viatu vya skii."

Damaris akaketi sakafuni, akalia kwa furaha.

Ule unga wenye sukari hakuutupa; aliupikia mandazi. Ijumaa, wasafiri waliporudi, walimkuta Jerusha mezani na sahani ya mandazi. Levis alikula matano kabla ya kuvua koti.

Mike hakugusa hata moja.

"Sista Jerusha," alisema polepole, "hebu niletee hiyo sinia aliyonisimulia Levis. Nataka kuona."