Kamera Inafanya Kazi?

Jubilate alikuwa anataka kufunga duka, na mimi nilikuwa bado sijaridhika. Mume wangu Gwamaka alishachoka, amekaa kwenye stuli anajipepea kwa kofia yake. Lakini hela ilikuwa ya kakao niliyoianika kwa mikono yangu mwenyewe, na sikuwa tayari kubebeshwa takataka.

Nilitaka kompyuta ya nyumbani. Walimu wa hapa kwetu Mbugani walikuwa wananiletea mitihani niichape, na kila mara nakwenda kuazima mashine kwa watu na mtoto mgongoni. Basi Jubilate akatutolea tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, nyepesi kama sahani ya plastiki; nilipoiwasha ikawaza mpaka nikasikia njaa. Ya pili ilikuwa ya mezani, nzuri, ila umeme ukikatika tu inazimika na kazi yako yote. Ya tatu ilikuwa mtumba. Nyeusi, nzito, betri inakaa na chaji, na ukibonyeza inafunguka papo hapo. Bei yake ilikuwa ya kutupa.

"Mbona rahisi hivi?" nikamuuliza. "Ya wizi?"

"Mama Lusungu, mimi ni mtu wa kanisani," Jubilate akasema. "Kaileta bibi mmoja leo asubuhi. Mikono yote udongo. Hakubishana bei kabisa. Aliuliza kitu kimoja tu: kamera inafanya kazi? Nikamwonyesha. Akasema, basi, mpe mwenye mtoto mdogo."

Tukacheka. Bibi na kamera wapi na wapi! Kwenye kifuniko kulikuwa na alama za vidole vya udongo mwekundu, nikazisugua kwa ncha ya khanga. Hazikutoka.

"Jaribuni kila kitu leo hii," Jubilate akatuagiza. "Kibodi, spika, kamera. Mkikuta kasoro, rudisheni kesho."

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipofika nyumbani, mvua imetanda juu ya milima, na umeme tayari umekatika. Gwamaka akagundua amesahau waya wa chaji dukani. Akawasha pikipiki na kuondoka, ananung'unika kama kawaida yake.

Nikabaki na Lusungu, binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa amenilalia mapajani. Nikaiweka kompyuta kwenye meza fupi iliyoegemea ukuta, nikakaa kwenye kigoda, mlango ukiwa wazi nyuma yangu. Nikajaribu kibodi. Kucha zangu nilikuwa nimezipaka rangi nyekundu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, na kusema kweli zilipendeza sana juu ya vile vitufe. Kisha nikafungua kamera.

Uso wangu ukatokea. Nyuma yake mkeka. Nyuma ya mkeka, mlango na weusi wa nje. Nikajitolea ulimi.

Kho... kho.

Nje. Karibu kabisa na mlango.

Nilikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha baba mkwe wangu, Mzee Asegelile wa kijiji cha Ngana. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hampi kitu mkononi, na wakikutana njiani mke anashuka hata kwenye matope ya mpunga ili mzee apite. Wengi hapa mjini wameshaacha. Mkwe wangu hakuacha. Yeye hukohoa mara mbili, na mimi hujifunika.

Nikajifunika khanga gubigubi, nikainama na kuelekea ukutani.

Harufu ikatangulia kuingia. Kakao inayochacha... na chini yake matope ya ziwa. Halafu nyayo. Chwa... chwa... chwa... kama mtu anayetembea na viatu vilivyojaa maji. Mvua ilikuwa bado haijanyesha.

"Mjukuu," akanong'ona.

"Amelala, tata," nikaujibu ukuta.

"Mlaze mkekani."

Ndivyo tulivyofanya siku zote. Namlaza mtoto, narudi nyuma, naye anamchukua. Basi nikatambaa kinyumenyume na uso wangu umefunikwa, nikamlaza Lusungu taratibu, nikarudi mezani. Mwanga wa kompyuta ulikuwa unapenya kwenye khanga. Nikakumbuka kamera iko wazi. Nikajiuliza, kumwona mkwe kwenye kioo nako ni kumwona? Nikafumba macho. Heshima ni heshima.

Kisha Lusungu akatoa sauti. Ndogo. Ikakatwa katikati.

Nikainua ncha ya khanga.

Kwenye kioo kulikuwa na koti la kijivu, lile analolivaa hata kwenye joto la Kyela. Lilikuwa limenipa mgongo, limeinama juu ya mtoto wangu. Mikono miwili imemkaba shingo. Miguu midogo inapiga mkeka, pa, pa, pa. Lakini kichwa hakikuwa kimemwinamia mtoto. Kichwa kilikuwa kimegeukia mgongoni, kinaniangalia mimi, kinahakikisha kwamba nimejifunika. Taya lilikuwa limefunguka na kuning'inia mpaka katikati ya koti.

Macho yetu yakakutana kwenye kioo.

"Jifunike," likanong'ona.

Sijui nilisimamaje. Mchi wa kinu ulikuwa umeegemea ukuta karibu na meza. Niliushika, nikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamtazama baba mkwe wangu usoni. Nikampiga hapo hapo. Kwenye paji. Ulisikika mlio kama nazi inapopasuka.

Hakuanguka. Alimwachia mtoto, akanirukia kinyume, tumbo kule na uso huku, akanibamiza ukutani mpaka nikaona nyota. Nikamsukuma kwa mkono wa kushoto. Ukaingia mdomoni.

Akafunga taya.

Nilisikia mfupa. Maumivu yalikuja baadaye. Nikauinua mchi kwa mkono mmoja, nikampiga taya, likakatika upande mmoja na kubembea. Nikapiga tena. Paji, jicho, pua. Kitu cha baridi kikanirukia usoni na kikanuka ziwa. Nilikuwa napiga kelele za matusi ambayo sijui niliyajifunza wapi. Nilitaka afe. Nasema ukweli, nilitaka afe, na kila pigo lilinipa raha.

Akatoka kwa miguu na mikono, kama chura. Chwa... chwa... Mvua ikamwagika.

Gwamaka aliporudi na waya wake alinikuta nimepiga magoti, bado naipiga sakafu. Akaninyang'anya mchi. Lusungu alikuwa amegeuka rangi ya bluu. Akampulizia mdomoni, akampiga mgongoni, akampulizia tena, mpaka mtoto akalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama kile kilio. Nikatazama sakafu. Hapakuwa na matope, hapakuwa na koti. Damu iliyokuwepo ilikuwa yangu. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuwepo.

Ndipo simu ikaita kutoka Ngana.

Alikuwa baba mdogo, mdogo wake Mzee Asegelile. Alisema kaka yake amekutwa amekufa ndani, mlango umefungwa kwa komeo upande wa ndani. Paji limepasuka. Taya limevunjika. Majirani walisikia anakohoa jioni ile, na hakuna aliyeonekana akiingia wala kutoka.

Msibani nilikaa na wanawake, mkono umefungwa bandeji, shingo ya Lusungu nimeivika skafu. Baba mdogo ndiye aliyeuosha mwili. Akanifuata nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akanikabidhi kitu kilichofungwa kwenye jani.

"Kilikuwa mdomoni mwake," akasema kwa sauti ya chini. "Kizike mwenyewe, mwanangu."

Nikafungua. Ukucha wake ulikuwa mwekundu.

"Ndaga fijo," nikamshukuru, maana sikujua kingine cha kusema.

Nilipomkumbusha Gwamaka habari ya bibi wa dukani na mikono yake ya udongo, akanisimulia ya mama yake. Mama huyo, Atupele, alikuwa Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, mfinyanzi. Alizaa watoto kadhaa, na kila mmoja alikufa alipoanza kutembea. Gwamaka alipozaliwa, mama yake alitoroka naye usiku, akamlea kwao kwenye vyungu mpaka alipokuwa mkubwa. Mimi sikumkuta. Alikufa kabla sijaolewa.

"Mama hakumwona baba akifanya," Gwamaka akasema. "Aliniambia hivyo. Alikuwa akijua, lakini hakuwahi kumwona."

Baada ya tanga ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu. Gwamaka ndiye mtoto pekee aliyebaki. Nilimsihi akatae. Akasema atawaambiaje wazee? Wakamvika koti la kijivu mbele ya watu wote, nami nikapiga vigelegele na wenzangu kwa sababu macho yao yalikuwa kwangu.

Kompyuta haijanisumbua hata siku moja. Jioni moja baada ya mgawo ule nilikuwa nachapa mtihani wa hesabu, Lusungu ananichezea khanga miguuni, umeme umekatika, betri imejaa.

Kho... kho.

Mume wangu hakuwahi kukohoa akiingia nyumbani kwake.

"Mama Lusungu," akanong'ona mlangoni. "Mlaze mtoto mkekani."

Harufu ya matope ikanifikia. Sikugeuka. Nilimpakata mtoto, nikafungua kamera. Koti la kijivu lilikuwa limesimama kizingitini. Lilikuwa limenipa mgongo. Na juu ya mgongo ule, uso wa Gwamaka ulikuwa unaniangalia.

Nampenda mume wangu. Mungu anajua jinsi ninavyompenda.

Nikanyoosha mkono, nikaushika mchi.