Anwani ya Saga Ottosson

Roine Hedlund alikamatwa asubuhi mjini Sundsvall, Uswidi, amekaa ngazini ghorofa ya tatu, mgongo kauegemeza kwenye mlango wa mke waliyeachana naye. Theluji ya viatu vyake ilikuwa ikiyeyuka na kuchuruzika ngazi kwa ngazi. Mahakama ilishamkataza kumkaribia mwanamke huyo, na anwani yake ilikuwa siri.

Mwanamke huyo, Saga Ottosson, alitoroka kwa ngazi za dharura akiwa na binti yake, Tyra. Polisi wakawahifadhi mahali pasipojulikana.

Roine hakutaka kusema nani alimpa anwani. Saga naye alimwambia Inspekta Ragnhild Åkerblom kwamba aliiandika mahali pamoja tu: kwenye maombi ya kazi aliyopeleka kwa kampuni ya ajira iliyo juu ya duka la nyuzi.

"Mtafuteni aliyeitoa," alisema. "La sivyo nikihamia pengine atanikuta hukohuko."

Ragnhild alipanda juu ya duka la nyuzi. Akampata Mårten Wiklund, fundi wa tovuti, mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Mårten alieleza kwa kirefu, naye Ragnhild akasikiliza huku akijikanda paji la uso. Habari za waombaji zote zimo kwenye hifadhidata. Tovuti haiwezi kuzifikia yenyewe. Kuna programu ndogo katikati, kiendeshi, inayobeba swali kulipeleka na kurudi na jibu. Mårten alikuwa akitengeneza ukurasa mpya wa kutafutia waombaji. Ilimpasa aujaribu kwa majina ya kubuni.

"Na wewe ukaunganisha na watu wa kweli," Ragnhild alisema.

"Majina ya kubuni yalinichosha."

"Ukurasa huo unafunguliwa na nani?"

"Yeyote humu ofisini. Nenosiri ningeweka mwishoni."

Ragnhild alivuta pumzi ndefu. Kumbukumbu za hifadhidata zilionyesha kwamba juzi, wakati wa kahawa ya asubuhi, mtu alitafuta fundi wa meno ya bandia mwenye leseni ya kuendesha lori. Jibu lilikuja moja tu: Saga. Hakuna mteja aliyewahi kuomba mfanyakazi wa namna hiyo. Aliyeuliza alikuwa akimjua Saga, tena vizuri.

"Nani aliuliza?"

"Tovuti."

"Nimesema nani, Mårten. Sijasema nini."

"Ndiyo hivyo, Inspekta. Kiendeshi kinaingia kwa jina moja, la tovuti. Sote tunapitia humo."

"Yaani ofisi nzima mmevaa koti moja, halafu mnataka nijue ni nani aliyelitia tope?"

"Mimi sitaki. Wewe ndiye unayetaka."

Akawahoji wote, mmoja mmoja. Wote walijibu vilevile, hata kwa sauti ileile ya upole iliyomchosha roho: wakati wa kahawa kila mtu huwa mezani. Kubaki kwenye kompyuta wenzako wanakunywa ni utovu wa adabu. Juzi hakukosekana mtu. Bila shaka kabisa.

Ilipofika saa ya kahawa walimkaribisha. Ragnhild, ambaye hamu ya kahawa ilishamtoka, alikaa nao. Palikuwa na maandazi ya iliki na mazungumzo marefu juu ya paa la nani limelemewa na theluji. Birika likaisha. Mazungumzo yakaendelea. Baada ya muda likarudi limejaa.

"Nani ameondoka mezani sasa hivi?" Ragnhild aliuliza.

Wakatazamana. "Hakuna," Mårten alisema, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

"Na birika limejijaza lenyewe?"

"Ah, huyo ni Maj-Lis. Wiki hii zamu yake ya kahawa. Huyo hajaondoka, kaenda jikoni tu."

Maj-Lis Norrby, mama wa mapokezi, alikuwa bado amelishika birika. Jiko lilikuwa mlango wa pili kutoka dawati lake lenye kompyuta. Akaliweka chini taratibu, akafuta tone mezani kwa kidole.

Ragnhild alimpeleka chumba cha pembeni, akamweleza haki yake ya kuwa na wakili. Maj-Lis akasema hana haja ya wakili.

"Roine ni nani kwako?"

"Mwanangu. Norrby ni jina la kwetu, nililirudia nilipoachana na baba yake. Saga hakujua kwamba nafanya kazi hapa."

"Ulijua mahakama imemkataza?"

"Nilijua. Aliniapia ataweka kifurushi mlangoni na kuondoka. Sijamwona Tyra tangu ana miaka minne. Sikumwonea Saga ubaya wowote. Nilitaka mtoto ajue ana bibi."

"Kifurushi cha nini?"

"Soksi. Nilizifuma mwenyewe."

Jioni Ragnhild alimpigia Saga, akamwambia Maj-Lis amekiri, akamtajia na soksi alizomfumia Tyra, na kwamba ukurasa umefungwa. Saga akauliza kama sasa wanaweza kurudi nyumbani.

"Hapana. Roine ameshaijua ile nyumba. Mtahamishiwa mji mwingine, na safari hii hakuna atakayejua."

Saga akauliza hizo soksi zikoje. Ragnhild akazitoa kwenye mfuko wa ushahidi: nyekundu, kisigino kimefumwa mara mbili kwa uangalifu mwingi, na ndogo, za mguu wa mtoto wa miaka minne.

"Tyra ana miaka tisa," Saga alisema, akakata simu.