Ruhusa kwa Kila Mtu

Jina la Mwenyezi Mungu litangulie, ndipo habari za Ubah zifuate.

Asubuhi ile Ubah aliikuta diski ina joto. Ilikuwa imelala kabatini tangu jana, imeviringishwa kitambaa, waya wake umekunjwa kando, wala haikuchomekwa popote. Alipoishika ilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Akasema bismillahi, akaiweka mezani. Labda ni jua, alijiambia. Lakini kabati lile lilikuwa upande ambao jua la Hargeisa halifiki.

Duka lilikuwa la marehemu mumewe, Guled. Watu walimletea kaseti, zile ambazo familia za mji ule zilikuwa zikitumiana badala ya barua: mama anasimulia mvua na ngamia waliozaa, mtoto aliye ng'ambo anajibu huku analia. Guled alizihamishia kwenye diski zisije zikapotea. Na kabla figo hazijammaliza, alirekodi sauti yake mwenyewe, akaipa jina "Kwa mtoto". Walipomzika, Ubah alikuwa mjamzito. Sasa binti yake Sagal alikuwa na miaka minne na hajawahi kumsikia baba yake, kwa sababu kompyuta ya Guled iliharibika ikawekwa chumba cha nyuma, na ile mpya, kila ilipounganishwa na diski, ilijibu jambo moja tu: huna ruhusa.

Aliyeifungua ni Awil, mdogo wake Guled, fundi aliyependa mzaha kuliko kazi. Alikuja jana yake jioni, shavu limevimba mirungi.

"Shemeji, miaka yote hii unabisha hodi kwenye kitu cha dakika mbili?" alicheka. "Tazama. Diski ilimjua kaka kupitia kompyuta yake ya zamani. Hii mpya haimjui. Ndiyo maana inaonyesha namba tupu mahali pa jina lake."

Ubah aliitazama ile safu ndefu ya tarakimu. Ndiyo hiyo iliyobaki ya mume wake.

"Basi niandike mimi."

"Nikikuandika wewe peke yako, kesho nikija na kompyuta yangu itanikataa. Nampa ruhusa kila mtu, tumalize."

"Awil, magharibi inaingia. Tuswali kwanza. Na useme bismillahi kabla ya kufungua."

Bismillahi ingepitia wapi, na kinywa kile kimejaa majani? Alibofya tu. Adhana ndiyo kwanza inaanza, saa ile ambayo kina mama wa mtaa huwavuta watoto ndani na kufunga milango, majini yasiingie. Mafaili yote yakafunguka kwa mpigo. Ubah hakuthubutu kusikiliza jioni ile. Aliviringisha diski, akaenda kuswali. Alitaka kuutuliza moyo kwanza.

Ndipo asubuhi akaikuta na joto.

Mchana kutwa duka lilinuka ubani, na chetezo kilikuwa baridi, majivu yake ya juzi. Alipoiunganisha diski na kujaribu kusikiliza kaseti ya mteja, nyuma ya sauti ya bibi aliyekuwa akisalimia wajukuu kulikuwa na mtu anahema. Akajaribu ya mteja mwingine. Anahema vilevile, na sasa karibu zaidi.

Alasiri alitandika msala chumba cha nyuma, akamwacha Sagal akicheza dukani. Alikuwa kwenye sijida aliposikia sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Sagal. Sagal, njoo mlangoni."

"Naam, baba!" mtoto akacheka.

Furaha ilimpanda Ubah kabla ya hofu, Mungu amsamehe, kwani ilikuwa sauti ya Guled kabisa, na ukwaruzo wake na ile tabia yake ya kuvuta jina mwishoni, akabaki paji la uso liko chini na machozi yanalowesha msala, mpaka akili ikamrudia polepole ikamwambia kwamba jina la Sagal lilitolewa siku ya saba baada ya kuzaliwa, likatolewa na bibi yake mbele ya nyama ya akika, na wakati huo Guled alikuwa ameshakaa kaburini miezi miwili, hakuwahi kulisikia jina hilo, hakujua hata kama mtoto ni wa kike.

Alikatiza swala. Akamnyakua mtoto, akauchomoa waya. Taa ya diski iliendelea kupepesa.

"Ubah," ilisema sauti ile, "usinitoe. Nina baridi."

Ubah alipompigia simu, Awil alikuja mbio akiwa na Sheikh Nuur, msomaji wa Kurani anayeitwa kwa mambo kama hayo. Awil hakuwa na mzaha tena. Aliiunganisha diski, akafungua orodha ya wenye ruhusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," alinong'ona, "namba zimekuwa mbili. Ya kaka hii hapa. Hii ya chini sikuiweka mimi."

"Ya nani basi?"

Awil akamgeukia Sheikh.

"Mlimwalika?" Sheikh aliuliza.

"Tuliruhusu kila mtu, sheikh. Magharibi. Bila bismillahi."

"Basi mlimwalika. Mimi nitasoma, lakini aliyeruhusiwa haondoki mpaka anyang'anywe ruhusa, na atakayeinyang'anya ni mwenye nyumba."

Akaanza Ayatul Kursiyyu. Ubah akamketisha Sagal mkekani nyuma yake, akashika kipanya, akaielekea ile namba ya chini.

"Ukinifuta," sauti ilisema kwa upole, "naondoka na sauti ya mumeo. Mwanao hatamsikia baba yake mpaka afe. Nichukue mimi. Mimi nalijua jina lake."

Ubah alifumba macho. Miaka minne alikuwa ameomba sauti hii, usiku na mchana.

"Bismillahi," akasema, akabofya.

Kukatoka mlio kama ukanda wa kaseti unaochanika, na harufu ya nywele zilizoungua. Taa ikazimika. Alipoigusa diski ilikuwa baridi kama jiwe la alfajiri. Awil akafuta "kila mtu", akaandika jina la Ubah peke yake. Kisha, kwa hofu, wakafungua "Kwa mtoto".

Kikohozi kwanza. Halafu Guled, amechoka, taratibu:

"Mwanangu, sijui utaitwa nani. Sijui u wa kike au wa kiume. Nisamehe kwa kuondoka kabla ya kukuita. Mama yako atakuita kwa niaba yangu."

Awil aligeukia ukuta akalia. Ubah alicheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru Mola wake, akageuka ili amwite mtoto aje asikie.

Mkekani hapakuwa na mtu.

Nje adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Kutoka chumba cha nyuma, pale ilipowekwa ile kompyuta mbovu ya Guled, kwenye mlango wa kutokea uani, kulisikika komeo likivutwa kwa shida na mkono mdogo, na sauti ya Sagal, yenye adabu, kama alivyofundishwa kuwapokea wageni.

"Naam, baba. Nimeshafungua. Ingia."