Fimbo ya Mzee na Mkono Uliogoma

Asubuhi hiyo Mzee alimfukuza mteja wa pili.

Saluni ya Msusi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mzee, baba yake Msusi, alishinda pale kwenye kiti cha dirishani. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani. Macho yake yalikuwa kwa wateja.

"Unamsuka nini huyo?" aliuliza. "Nywele zenyewe ziko wapi?"

Mama wa watu alichukua mkoba wake akaondoka, kichwa nusu kimesukwa, nusu timutimu. Msusi alibaki na kitana mkononi. Alimpenda baba yake, lakini siku hiyo alitamani kumpiga na kitana hicho.

Mzee hakuwa hivi zamani. Tangu alipostaafu kazi ya kuoka mikate, alikwenda gatini kila asubuhi kuvua samaki. Alirudi na kitoweo na maneno mazuri. Kisha siku moja aliteleza kwenye ngazi za gati. Fimbo yake ya kuvulia ilivunjika, na kifundo cha mkono wa kulia nacho kikavunjika. Mfupa uliunga, lakini mkono ulibaki mnyonge.

"Utumie mkono huu," daktari alimwambia. "Usipoutumia, utakauka."

Alipewa mpira mdogo wa kuminya. Mzee aliutupa chini ya kitanda. Alisema yeye si mtoto wa kucheza na mipira. Wiki hiyo hiyo alimwambia Msusi agawe ndoano zake zote.

"Mimi na bahari basi," alisema.

Neno hilo lilimkata Msusi maini. Aliogopa kwamba mkono utakauka pale kitini, na mwenye mkono atafuata.

Jioni kaka yake alifika. Huyu alikuwa dereva wa lori la saruji, na watu wote walimwita Dereva. Alikuwa na kifurushi kirefu kuliko mlango. Ilibidi akiingize kwa kukiinamisha.

"Mzee, nimekuletea dawa yako," alisema.

Ilikuwa fimbo mpya ya kuvulia, nene, ndefu mara mbili ya Mzee mwenyewe. Chini yake palifungwa rili, ile mashine ya kukunjia mshipi. Rili yenyewe ilikuwa kubwa kama birika.

"Hii ndiyo ya wanaume," Dereva alisema. "Hii inavuta hata papa."

Mzee aliinuka. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, uso wake ulifunguka. Aliipokea fimbo kwa mkono wa kulia, kama alivyozoea. Kifundo kikapinda. Fimbo ikaanguka, ikagonga meza ya vioo, chupa za mafuta zikamwagika.

Mzee aliutazama mkono wake. Hakufoka. Aliingia chumbani akafunga mlango. Afadhali angefoka.

Msusi alimgeukia kaka yake. "Ulimuuliza?"

"Zawadi mtu haulizwi."

"Papa wa wapi? Baba anavua visamaki vya kukaanga, wewe unamletea nguzo ya umeme. Mkono wake huuoni?"

"Sasa nimekosa nini?" Dereva alikuja juu. "Mimi nalala barabarani, nakula vumbi, nikipata kidogo nawakumbuka. Wewe kazi yako kunisema tu."

"Kukumbuka si kujionyesha."

Dereva alipiga teke ndoo iliyokuwa tupu. Msusi alimwambia aiokote. Hakuiokota. Walikaa hivyo, kila mmoja amevimba, ndoo katikati.

Mwishowe Msusi alisimama. "Nakwenda kwa Kimya," alisema.

"Kwa Kimya? Mzee akijua atatufukuza sote."

Kimya alikuwa jirani yao, fundi saa. Alipewa jina hilo kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Naye alikuwa mvuvi. Mzee alipoanguka, Kimya alihamia palepale Mzee alipozoea kusimama, mwisho wa gati penye samaki wengi. Mzee hakumsamehe. Hata Msusi hakuwa amemsamehe. Lakini mtaani hakuna mwingine aliyejua vyombo vya kuvulia kama yeye, kwa hiyo alimeza hasira akabisha hodi.

"Karibu, mwanangu," alisema Kimya. "Nilimwona kaka yako akipita na mlingoti. Nikajua mtakuja. Kesho twende dukani, mkaibadilishe kabla haijaloa."

Kesho yake mwenye duka aliikagua fimbo, akaona haijatumika, akakubali kuibadilisha. Dereva alinyoosha mkono kwenye fimbo yenye rangi ya dhahabu.

"Weka chini," alisema Kimya. "Kwanza jiulize. Nani anavua? Anavua wapi? Anavua samaki gani? Mzee anasimama gatini, anavua samaki wadogo, na mkono wake unauma. Basi anataka fimbo nyepesi, inayomzidi kimo kidogo tu."

Alichukua fimbo moja nyembamba. Alisukuma ncha yake taratibu kwenye dari. "Tazama. Juu inapinda, chini inakaza. Ncha inamsikia samaki, huku chini kunamvuta. Ile ya kwenu ilikuwa kama mpini wa jembe. Samaki mdogo akiuma, hujui."

Kisha aliomba pamba. Aliipitisha ndani ya kila pete inayopitisha mshipi. Kwenye pete ya nne pamba ilinasa.

"Pete hii ina ufa," alisema. "Jicho halioni, pamba inaona. Ufa huu utakata mshipi. Lete nyingine."

Mwenye duka alinuna, lakini alileta nyingine. Pamba ilipita bila kunasa. Kimya aliifunga rili ndogo, akaiweka fimbo juu ya kidole kimoja, karibu na rili. Ikatulia bila kuinama.

"Uzito umelingana. Ikiinama mbele, kifundo ndicho kinachobeba, na jioni utalia. Sasa wewe, Dereva, zungusha kishikio."

Dereva alizungusha. "Inakwenda laini."

"Umesikia mkwaruzo?"

"Hapana."

"Haya. Bado mshipi. Hapa juu ya mpini wa fimbo pameandikwa unene wa mshipi unaofaa. Usiununue kwa kubahatisha. Na ukiukunja kwenye rili, usijaze mpaka ukingoni. Ukijaa sana unamwagika na kufanya mafundo."

Dereva alikuwa bado amekunja uso. "Yote hayo mazuri," alisema. "Lakini Mzee hushika fimbo kwa mkono wa kulia. Huo mkono umekufa."

"Haujakufa. Umegoma," alisema Kimya. "Twende nyumbani."

Mzee aliisikia sauti ya Kimya kabla hawajafika mlangoni. Alitoka chumbani mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Nani kamruhusu huyu kuingia nyumbani kwangu? Umenipora nafasi, sasa unataka na kiti?"

Kimya hakujibu. Hilo peke yake liliwashangaza wote. Alitoa bisibisi yake ndogo, akalegeza skrubu ya pembeni ya rili. Alichomoa kishikio upande wa kushoto, akakichomeka upande wa kulia, akakaza. Kisha akamnyooshea Mzee fimbo.

"Zamani ulibeba kwa kulia, ukazungusha kwa kushoto," alisema. "Sasa beba kwa kushoto, ambao ni mzima. Wa kulia uzungushe tu. Kuzungusha hakutaki nguvu."

Mzee alimtazama kwa chuki. Hata hivyo aliishika fimbo kwa mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wa kulia vilikamata kishikio, vikatetemeka. Kishikio kikazunguka. Kikazunguka tena.

"Nafasi yako njoo uichukue mwenyewe," Kimya alimwambia. "Mimi siileti hapa."

"Nitaichukua," alisema Mzee. "Tena kesho."

Kweli alikwenda. Kurusha kwa mkono wa kushoto kulimpa tabu mwanzoni. Ndoano yake ilinasa kwenye kofia ya mtu, na matusi aliyotukanwa aliyarudisha yote. Lakini alirudi na samaki wawili, na siku ya pili akaenda tena. Saluni ilijaa wateja.

Msusi alifurahi sana, akaamua kusaidia. Kila jioni aliipangusa fimbo. Rili aliitia mafuta mazito ya nywele, maana ndiyo yaliyokuwa karibu. Kisha aliisimamisha nyuma ya mlango.

Wiki ya pili Mzee alirudi mikono mitupu, amefura.

"Rili imekwama, samaki akiwa tayari juu ya maji," alifoka. "Samaki mkubwa. Kimya alicheka mpaka akakaa chini. Siendi tena."

Akakaa kwenye kile kiti cha dirishani.

Msusi alimpigia kaka yake simu. Alimwambia amenunua rili mbovu, na kwamba hana analolijua isipokuwa saruji. Dereva akakata simu. Hapo Msusi akaipeleka rili kwa Kimya. Fundi saa aliifungua, akainusa.

"Hii inanukia saluni," alisema.

Msusi aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka. Yeye aliyemtukana kaka yake kwa kutouliza, hakuwa ameuliza mtu yeyote. Alijichukia.

"Mafuta ya nywele yanaganda," Kimya alieleza. "Yanashika mchanga na chumvi. Sikiliza. Ukitoka baharini, kaza kwanza breki hii ya mbele, inayozuia mshipi kukimbia, ili maji yasiingie. Mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Usiizamishe kwenye ndoo. Pangusa fimbo na kila pete kwa kitambaa, acha ikauke kivulini. Kisha legeza breki, ipumzike."

"Na mafuta?"

"Mafuta mepesi ya cherehani. Tone moja kwenye kishikio, tone moja pale mshipi unapopita. Kwenye breki usitie, itateleza. Na fimbo usiiegemeze nyuma ya mlango. Itapinda, au mtu ataivunja. Ilaze juu ya misumari ukutani."

Aliisafisha rili mpaka ikalia laini. Msusi alimpigia tena Dereva. "Kaka, kosa lilikuwa langu," alisema. "Nisamehe." Dereva akasema atakuja Jumapili kugongomea misumari.

Kumrudisha Mzee gatini kulichukua siku tatu za kugombana. Alikubali kwa sharti moja: rili asiiguse mtu. Tangu hapo aliiosha mwenyewe. Mkono wa kushoto ulishika, wa kulia ulipangusa pete, moja baada ya nyingine, na kutia tone la mafuta bila kumwaga.

Miezi miwili ilipita. Jumapili moja wote walikaa mezani wakila samaki wa Mzee, Kimya naye akiwepo. Kimya, kama kawaida yake, alikuwa akisema. Alisema ile sehemu ya mwisho wa gati ni yake, kwa kuwa Mzee aliiacha muda mrefu.

"Niliiacha?" Mzee alinguruma. "Mimi niliiacha?"

Akapiga meza kwa ngumi. Vikombe viliruka, mchuzi ukamwagikia shati la Dereva, na mwiko ukaanguka sakafuni. Hakuna aliyeokota kitu. Wote walikuwa wakiitazama ngumi ya Mzee.

Ilikuwa ya mkono wa kulia.