Hadithi za Mchana Kweupe

Fundi cherehani huanza kumtazama mtu miguuni, ndiyo maana Tumpale aliliona pindo kabla ya uso. Lilikuwa limelowa umande. Saa saba mchana, mwezi wa Juni, Tunduma nzima vumbi tupu, malori yamepanga foleni mpakani, halafu suruali ya mteja inachuruzika umande! Angekuwa na akili zake angesema samahani, nimefunga. Lakini yule mwanamume alitabasamu, akasalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," na kibarazani pakanukia maua ya kahawa, kama kwao Isansa miti inapochanua.

Alijiita Osward. Alisema ametoka ng'ambo, asiseme ng'ambo ipi. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, mafundi wengine wakiwa wamekwenda kula. Hakuleta nguo. Alileta ombi moja tu: "Nisimulie ya kwenu."

Nani mwingine aliwahi kumwomba hivyo? Kwa miaka mitatu mjini, Tumpale alikuwa amejifunza Kiswahili cha sokoni na Kibemba cha kubembelezea wateja. Kinyiha, lugha ya kwao, alikibakiza kwa simu tu, tena kwa sauti ya chini wasimcheke. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Alimsimulia ya fisi na mkwewe, ya msichana aliyeolewa na mto, zote alizopewa na mama yake, Ruti, jioni wakipukuchua mahindi. Mwiko aliujua: hadithi haisimuliwi jua likiwaka, na anayesimulia mchana humpoteza mama yake. Aliona huo ni ujanja wa wazee, ili watoto wasikwepe shamba.

"Zikiisha," Osward alimwambia, akimshika mkono kwa vidole vya baridi, "nitakwenda kujitambulisha kwenu."

Siku iliyofuata Hezron, mdogo wake, alipiga simu kutoka nyumbani.

"Dada, mama amebadilika. Alianza kusahau hadithi, tukacheka. Juzi amepotea kwenye shamba lake mwenyewe la kahawa. Leo amenisalimia kama mgeni."

Tumpale alipanda gari hadi Mlowo, kisha bodaboda hadi Isansa. Mama yake alikuwa ameketi jikoni, macho wazi, hana hata neno moja la Kinyiha. Tumpale akapiga magoti amkumbushe ile ya fisi, akafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu. Akamuuliza Hezron, Hezron hakuijua. Akatoka mbio kuuliza kwa majirani, nyumba kwa nyumba, na wazee waliozaliwa pale wakamtazama wakisema hawajapata kusikia fisi yeyote mwenye mkwe, na aliporudi kumkumbatia mama yake, kwenye kilemba chake kulinukia maua ya kahawa, na nje miti yote ilikuwa na matunda mekundu, hakuna hata mmoja uliochanua.

Mchungaji aliomba, hakukubadilika kitu. Ndipo Tumpale akaenda kwa bibi Anna, mganga ambaye watu wa kanisa humwendea kwa mlango wa nyuma, akamweleza habari za Osward.

"Huyo ni pepo wa watu waliohama wakamsahau," bibi Anna alinong'ona. "Hana kwao, basi anakula ya kwao watu wengine. Umebakiza hadithi ngapi?"

"Zimeisha, bibi."

"Bado mama yako. Yeye mwenyewe ndiye hadithi ya mwisho. Kaa siku saba usimsimulie pepo huyo neno. Jua la siku ya saba likizama atakuwa amekufa njaa, na alivyokula vitarudi."

Tumpale alirudi Tunduma akashona akiwa ameuma uzi, asije akajisahau. Osward alikonda, shati likamning'inia. "Umenichoka?" aliuliza kila mchana. Hakujibiwa. Na Tumpale alimpenda, hilo lisifichwe. Kila alipoondoka aliinamia cherehani akalia.

Siku ya sita Hezron alipiga simu akicheka. "Mama ameniita jina langu! Anakuulizia wewe, dada, kwa Kinyiha!"

Siku ya saba Osward alichelewa. Alifika jua likiinama, akapiga magoti vumbini, mifupa mitupu.

"Sikuombi hadithi," alisema. "Nakufa. Niambie tu nimekukosea nini."

Nani angemnyima hilo mtu anayempenda?

"Hujanikosea," alisema Tumpale, na machozi yakamtoka, na maneno nayo yakatoka, kwamba kule Isansa yuko mama anaitwa Ruti, aliyemzaa mwaka wa mvua nyingi akiwa shambani peke yake, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kumaliza kuchuma mstari wake wa kahawa, ndipo akarudi nyumbani akiimba, na mama huyo sasa ni mgonjwa, na yeye hawezi, hawezi kumpoteza, kwa sababu ndiye...

Akageuka kutazama magharibi. Jua lilikuwa bado halijagusa vilima vya upande wa Zambia.

Osward alisimama, mashavu yamejaa. Pindo la suruali yake lilikuwa kavu. Alimuaga kwa Kinyiha, kwa sauti ya mama yake, kisha akapita katikati ya malori kuelekea mpakani.

Majuto ni mjukuu. Tumpale alinyakua simu akapiga nyumbani.

"Hezron! Mama anaendeleaje?"

Alisikia kuku wa nyumbani wakiingia bandani.

"Dada," alisema Hezron, polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "mama yupi?"

Tumpale akafungua mdomo amtajie jina. Akalitafuta. Akalitafuta.