Ningoje Hapa, Babu

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya milima ya Japani Rwema alipopanda treni ya behewa moja, taulo begani, akaenda kuoga.

Kiwanda cha vipuri vya magari kule Ohio kilikuwa kimemtuma wiki tatu kujifunza mashine mpya, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Mwalimu wake akamwelekeza: panda treni ndogo hadi mwisho wa reli, kuna kijiji chenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Akaongeza kwamba wazee wa kule huoshana migongo. Mtu akikusugua, usishtuke.

Mlangoni mwa treni palikuwa na kimashine kinachotema karatasi yenye namba ya kituo; kila abiria huchukua moja, akamkabidhi dereva anaposhuka. Rwema akachukua yake moja, akaketi, na treni ikajikokota katikati ya mianzi.

Hakuwa na raha. Jana yake baba yake mkubwa, Azarias, alimpigia simu kutoka Buffalo.

"Bon, mutoto yangu, mwezi wa pili naenda Kongo, napanda mulima. Nitajengea baba yangu, muzee Kamanzi, kaburi ya simenti. Donc, uniambie vizuri: yale majiwe matatu iko ng'ambo gani ya mto?"

"Ng'ambo ya kulia, baba mkubwa. Chini ya mti."

"Muti gani?"

"Mti... mkubwa."

"Mukubwa! Miaka makumi saba na ine niko nayo, unanituma nitafute muti mukubwa mu pori?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Angalia mu kitabu yako. Si wewe unaandikaka yote?"

Ni kweli. Rwema ndiye aliyetunza daftari la ukoo: waliozaliwa, waliooa, waliokufa, na mahali walipolala. Dada yake Hadassa, kule Louisville, aliwakaririsha watoto wake kurasa zile. Na ukurasa wa tisa, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyemaliza sekondari, ulisema: Kamanzi alifia usingizini, 1998. Alizikwa na mjukuu wake Rwema. Mawe matatu.

Hapakuwa na mawe. Hapakuwa na kaburi.

Rwema alikuwa na miaka kumi na saba walipokimbia vita milimani. Azarias alikuwa mbali, mjini. Basi kijana akambeba babu yake mgongoni siku mbili. Siku ya tatu, jioni kama hii, wakafika bondeni penye chemchemi ya maji ya moto. Akamshusha, akamtia miguu majini.

"Ningoje hapa, babu. Nakutafutia maziwa. Narudi."

Mgongo ukawa mwepesi. Wenzake walikuwa tayari wanakimbilia mpakani...

Hakurudi.

Treni iliposimama mwisho wa reli, harufu ilimpokea mlangoni. Mayai yaliyooza. Ile ile ya bondeni.

Nyumba ya kuogea ilikuwa ya mbao, mvuke ukifuka chini ya paa. Bibi mwenye nyumba akapokea viatu vyake, akainama kwa heshima. Kisha akainama tena, chini zaidi, kwa mtu aliyekuwa nyuma ya Rwema.

Rwema akageuka. Barabara ilikuwa tupu.

Bibi akamkabidhi taulo mbili.

Ndani hapakuwa na mtu. Desturi ya pale unajiosha kwanza, ndipo unaingia majini. Akaketi kwenye kigoda mbele ya kioo kilichofunikwa na mvuke, akajimwagia maji. Nyuma yake, kigoda kingine kikakwaruza sakafu.

Krrrr...

Mkono ukaanza kumsugua mgongo.

Usishtuke, alikuwa ameambiwa. Akajikaza. Mkono ule ulikuwa mwembamba, tena wa baridi katika joto lote lile. Ulisugua polepole, toka mabegani hadi kiunoni, kama unapapasa kitu ulichokijua zamani.

Harufu ikabadilika. Moshi wa kuni. Samli. Blanketi lililolowa mvua.

"Ni mgongo huu," sauti ikanong'ona, kwa lugha ya nyumbani.

Rwema akapangusa kioo kwa kiganja. Akajiona. Peke yake.

"Maziwa umepata?"

Alitoka mbio, shati amelivaa kinyume. Alipopanda treni ya kurudi, kimashine kikatema karatasi. Kikatulia kidogo. Kikatema ya pili. Hiyo hakuigusa. Lakini aliposhuka mjini, dereva alimzuia mlangoni, akamwonyesha vidole viwili, akangoja. Ikabidi Rwema arudi kuiokota.

Tangu hapo mgongo wake ulikuwa mzito.

Alirudi nyumbani kwake Gahanna, Ohio. Asubuhi ya kwanza ya kwenda kazini aliwasha gari, na kengele ya mkanda ikalia. Mkanda wake alikuwa amefunga. Taa ilionyesha kiti cha abiria.

Kiti kilikuwa kitupu.

Tii. Tii. Tii.

Mwishowe alinyoosha mkono, akaufunga mkanda wa pale penye hewa tupu. Kengele ikanyamaza. Na mkanda haukulala kitini... Ulikaa umejipinda, kama umezunguka tumbo la mtu aliyekonda.

Hakwenda kazini. Alichukua daftari ndani, akaendesha kwa muda wa saa tano mpaka North Buffalo.

Azarias alikuwa jikoni anakoroga chai. Rwema hakuketi.

"Baba mkubwa, usiende. Hakuna kaburi. Nilimwacha akiwa hai."

Kijiko kikasimama.

"Hai?"

"Hai. Alikuwa ananiangalia."

"Miaka kumi na saba unatusomea ile ukurasa," mzee alisema taratibu. "Ku harusi. Ku matanga. Nasema amina." Akalitazama daftari mkononi mwa Rwema. "Andika."

Rwema akakata neno *alizikwa*. Juu yake akaandika *aliachwa*. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Sasa toka. Nitakuita siku nitaweza kukuona tena."

Habari za kiti cha abiria hakumwambia.

Alipowasha gari, kengele haikulia. Mkanda wa upande ule ulining'inia bila kufungwa, na bado kimya. Akapita mji wa Erie akilia, kisha akaimba wimbo wa kanisani. Mgongo ulikuwa mwepesi kabisa.

Wepesi ule aliujua. Alikuwa ameupata mara moja tu maishani.

Simu ikaita. Akaingia kituo cha mafuta, akapokea.

"Rwema." Baba mkubwa alikuwa ananong'ona. "Uko wapi?"

"Nimeshapita Erie."

"Kuko muzee hapa mu jikoni. Ametia miguu mu beseni, anaomba maji ya moto."

Nyuma ya sauti yake, maji yalikuwa yanachuruzika.

"Anauliza kama maziwa umepata." Mzee akavuta pumzi. "Mutoto yangu... umemuacha tena?"